Shajara ya Kobe: kababu za kuku na makaroni kwenye chungu cha umeme, Moshi

Jumamosi, 7 Juni

Wifi amefika jana kutoka Uingereza na sanduku moja zito kuliko mengine. Tulidhani ni viatu. Kumbe ni chungu cha umeme, kile cha kupika taratibu kutwa nzima: gamba la bati nje, chungu cheupe cha udongo ndani, kifuniko cha kioo, na kitufe cha kuzungusha chenye vituo vitatu tu, joto la chini, joto la juu, na la kutunza chakula kisipoe. Watoto wamekikodolea macho dakika tano, wakaona hakifanyi kitu, mdogo akakibatiza Kobe. Jina limeshika.

Ninaandika haya kwa sababu nimejipa mradi. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko karibu na soko la Mbuyuni, nyumbani ni Pasua. Nafunga saa kumi na mbili jioni, na saa moja ndiyo naingia nyumbani kama daladala haijakaa sana kituoni ikisubiri kujaza. Ndipo nianze kuwasha jiko. Chakula cha usiku kwetu huliwa saa tatu, mdogo akiwa ameshasinzia kwenye kochi. Baba yao anaendesha malori, nyumbani yuko siku nne kwa mwezi. Nataka nikifika saa moja chakula kiwe kimeiva, cha kutosha watu wanne (mimi, watoto wawili, na mama mkwe ambaye yuko nasi tangu Pasaka), kisizidi shilingi 20,000, na kiwe kile watoto walichokitamani kwenye simu ya shangazi yao: kababu za kuku za mviringo, ndani ya mchuzi wa nyanya, pamoja na makaroni.

Wifi anasema huko aliko hicho ni chakula cha mvivu. Unatia vyote asubuhi, unaondoka, unarudi unakula. Haya.

Kabla ya yote, umeme. Nimemgeuza Kobe chali na kusoma kibati chake: volti 220 hadi 240, wati 210. Hapo hakuna neno, umeme wetu ni wa volti 230, na plagi yake ya meno matatu mapana imeingia ukutani bila adapta. Naliandika hili kwa sababu jirani yangu alitumiwa blenda kutoka Marekani, ya volti 120, akaichomeka bila transfoma. Iliunguruma mara moja, moshi ukatoka, na juisi ya watu hatukuinywa.

Jumapili, 8 Juni

Leo sijapika, nimepima. Kitambaa cha mteja huwezi kukikata kwa kukisia.

Nimetia maji lita 2, yakapita nusu ya chungu kidogo, nikafunika, nikaweka joto la chini saa mbili asubuhi, tukaenda kanisani. Kipimajoto nimeazima kwa mama wa mtaa wa nyuma anayeuza mtindi. Saa kumi jioni, yaani baada ya saa nane kamili, nimefunua na kukizamisha haraka: nyuzi 90. Ndivyo inavyotakiwa, isiwe chini ya 85. Chungu kisichofika hapo si cha kupikia nyama, maana vijidudu vya kuharibu tumbo hustawi kati ya nyuzi 5 na 60, na chungu mvivu kupita kiasi huiacha nyama humo muda mrefu mno.

Gharama: hata Kobe angevuta wati zote 210 kwa saa nane, haifiki uniti 1.7. Kwa shilingi 10,000 za LUKU mimi napata uniti 28, kwa hiyo siku nzima ya kupika haifiki hata shilingi 620. Taa ya umeme ya mtindo wa zamani inavuta wati 60. Huyu ni sawa na taa tatu na nusu.

Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake cha mlangoni akimtazama Kobe bila kusema. Jioni akauliza: "Sasa moto wenyewe uko wapi?" Nikamwambia uko kwenye kuta za bati, umezunguka chungu. Akaguna.

Jumatano, 11 Juni

Jaribio la kwanza. Nimefuata maneno ya wifi bila kupunguza wala kuongeza.

Jana jioni nilinunua vidari vya kuku wa kisasa, visivyo na mfupa wala ngozi. Kusaga ndiko kulikonitoa jasho. Bucha la karibu wana mashine, lakini ni ya ng'ombe, na kijana wa pale akanijibu kwa adabu kwamba akisaga kuku humo wateja wake watamuuliza hiyo harufu ni ya nini. Nikakatakata kwa visu viwili juu ya ubao mpaka saa nne usiku. Leo alfajiri nikatia chumvi, kitunguu na giligilani, nikafinyanga, nikazipanga kababu chunguni, juu yake nyanya mbichi kilo moja na nusu, vikombe viwili vya maji, na pakiti nzima ya makaroni. Joto la chini. Saa moja na robo nikatoka.

Saa moja usiku nimefunua mbele ya familia nzima.

Makaroni yalikuwa yamekwisha kazi. Pembeni yameganda uji mzito wa rangi ya waridi, katikati maji ya nyanya yanatembea. Kababu zilikuwa ngumu na kavu, zimelala ndani ya maji yote yale na bado kavu, jambo ambalo sikujua linawezekana. Mdogo ameangusha moja sakafuni, ikadunda. Mama mkwe ameonja kijiko kimoja, akanyamaza kwa heshima, akaonja cha pili.

"Mwanangu," akasema, "huu ni mtori wa ngano."

Tumekula mkate na chai.

Alhamisi, 12 Juni

Mashine ya kushona haizuii akili kuzunguka. Leo nilikuwa na sare kumi na mbili za kwaya, mishono iliyonyooka tu, basi nimefikiria Kobe kutwa.

Kosa kubwa ni maji. Sisi tumefundishwa kupika kwa kukausha. Nyanya inaingia kwenye mafuta, unaikoroga mpaka maji yaishe, mafuta yaelee juu, ndipo unajua imeiva; mama yangu alikuwa anatusikilizisha sauti yake ikibadilika kutoka kubwabwaja kwenda kukwaruza. Sasa Kobe hakaushi. Mvuke unapanda, unagonga kioo, unageuka matone, unarudi chunguni. Ulichoweka asubuhi ndicho utakachokikuta jioni, tone kwa tone. Na nyanya mbichi zaidi ya tisa katika kumi ya uzito wake ni maji. Kwenye kilo moja na nusu nilitia karibu lita moja na nusu ya maji bila kujua, halafu nikaongeza vikombe viwili kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo kazi yote ya kukausha lazima ifanyike nje ya Kobe, kabla. Wifi huko anatumia nyanya za kopo zilizokwisha kupikwa zikapunguzwa maji, ndiyo maana kwake inakubali. Hakunidanganya. Hakujua tu kwamba kopo lilishamfanyia nusu ya upishi.

Kosa la kidari ni la kwangu. Kidari hakina mafuta, na nyama ikizidishwa joto na muda hujibana na kukamua maji yake yenyewe hata kama imezama, kama pamba inavyorudi ikifuliwa kwa maji ya moto. Saa kumi na mbili kwa kababu ndogo ni ukatili. Na makaroni kutiwa asubuhi, hilo hata sitaki kuliandika.

Jumamosi, 14 Juni

Jaribio la pili, leo nikiwepo mwenyewe.

Nimeachana na vidari. Mapaja kilo moja na mifupa yake, nimeyachambua nikapata nyama kama gramu 650, nikaiacha na ngozi kidogo. Mifupa imekwenda kwenye supu ya mama mkwe, hakuna kilichopotea. Mashine ya kusaga ya mkono nimeazima kwa dada anayekaanga sambusa kona ya barabara, kwa masharti kwamba niirudishe imeoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Dakika kumi, nyama tayari. Nikikumbuka vile visu viwili nasikia mkono unauma.

Mkate ndio umefanya muujiza. Slesi tatu za boflo la jana, nimekata maganda, nikaziloweka kwenye maziwa robo ya kikombe hivi na kidogo, nikazivuruga mpaka zikawa kama uji mzito, nikachanganya na nyama, yai moja, kitunguu kilichokunwa, kitunguu saumu, chumvi kijiko cha chai, pilipili manga, na majani ya mrehani kutoka kwenye kopo la rangi nililopandia dirishani. Mkate unashika maziwa, hauachi nyuzi za nyama zikumbatiane na kuwa mpira. Nilikuwa nadhani watu wanatia mkate kwenye kababu ili kuongeza wingi, ubahili tu. Samahani kwa wote niliowafikiria hivyo.

Vibonge ishirini na viwili, kila kimoja ukubwa wa ndimu. Viganja uvilowanishe maji, hazitanata.

Mchuzi: kilo moja ya nyanya zilizoiva sana, nimezikaanga jikoni kwenye gesi na vitunguu viwili, karoti ya kukuna, hoho, na vijiko viwili vya nyanya ya kopo, mpaka mafuta yakaelea. Nikaumimina ukiwa unachemka chungu kikiwa kimeshapata joto, nikazilaza kababu juu yake moja moja, sikukoroga. Ukikoroga zikiwa mbichi unapata nyama ya kusaga. Ndani ya saa moja zimeshikamana, huwezi kuzivunja kwa kijiko.

Nusu nilizikaanga kwanza dakika mbili zipate rangi, nusu nikazitia mbichi. Baada ya saa nne na nusu kwenye joto la chini, kipimajoto katikati ya kababu kimesoma nyuzi 87. Kuku salama ni 74, kwa hiyo hapo hakuna mashaka. Watoto nikawauliza zipi ni zipi, hawakujua. Mchuzi unafunika kila kitu. Nimefuta kukaanga kwenye mpango, na afadhali, kwa sababu kukaanga nyama nusunusu usiku na kumalizia kesho yake ni hatari: nyama ya uvuguvugu iliyolala ndiyo inayopeleka watu hospitali.

Makaroni leo nimechemsha pembeni, kwa usalama. Mama mkwe amekula sahani nzima, akasema kababu ni laini, zinamfaa yeye asiye na magego. Kisha akaongeza kwamba mchuzi unahitaji chumvi.

Jumanne, 17 Juni

Leo niliacha kila kitu kwa mama mkwe, nikiwa na imani kubwa. Saa tisa simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kobe amelala."

"Amelala vipi?"

"Kitaa chake kimezimika. Umeme umekwenda."

Hili wifi hakuliwaza hata kidogo. Chungu cha umeme kinahesabu kwamba umeme upo. Kwa bahati mama alikuwa jikoni na aliona taa ikizima. Akahamishia chakula chote kwenye sufuria, akaweka kwenye gesi moto mdogo, kikaiva kwa dakika arobaini kama chakula cha kawaida. Umeme ulirudi saa kumi na moja na nusu. Kama asingekuwepo mtu, ile nyama ingekaa saa mbili na nusu inapoa polepole, kisha ingepata moto tena, nami ningefika saa moja nikakuta Kobe anafuka mvuke vizuri, nikawapakulia wanangu bila kujua.

Binti yangu ndiye aliyepata dawa. Tuna saa ndogo ya redio ya kuchomeka. Umeme ukikatika na kurudi, inaanza kumulika sifuri. Tumeichomeka kwenye soketi ya pili pale pale alipo Kobe. Ikiwa inamulika na hakuna aliyekuwepo kuona umeme umekaa nje muda gani, chakula kinamwagwa, hata roho iume. Lakini kanuni ya kwanza nimeiandika kwa kalamu nyekundu: Kobe hapiki kuku nyumba ikiwa tupu.

Alhamisi, 19 Juni

Tatizo jipya: shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na kifuniko ni cha kioo. Mdogo amefunua mara sita leo "kuangalia kama zinaogelea". Kila ukifunua, joto linatoka na Kobe anahitaji dakika 20 mpaka 30 kulirudisha, kwa hiyo mara sita ni saa mbili mpaka tatu zimepotea. Kababu zilisoma nyuzi 68 wakati zinatakiwa kuwa zimeiva zamani. Tumesubiri, tumekula saa mbili na nusu.

Nimebandika gundi ya karatasi kutoka kwenye kifuniko mpaka kwenye gamba, nikaandika juu yake: ANAYEFUNUA ANAOSHA VYOMBO.

Usiku binti alikuwa anasoma habari za chungu hiki kwenye simu akanisimulia. Aliyekibuni ni Irving Naxon, Mmarekani, alipata hataza yake mwaka 1940. Mama yake alimsimulia kwamba huko kijijini kwao Lithuania Wayahudi walikuwa wanapeleka vyungu vya maharage na nyama kwa mwoka mikate Ijumaa jioni kabla ya Sabato, tanuri likiwa limezimwa lakini lina joto, vikalala humo usiku kucha, kwa kuwa siku ya Sabato hawawashi moto. Naxon akatafuta namna ya kufanya hivyo kwa umeme. Akakiuza kama chombo cha kupikia maharage, mpaka kampuni nyingine ilipoinunua kampuni yake mwaka 1970, na mwaka 1971 kikatoka kwa jina la Crock-Pot, la upishi wa kila kitu.

Nilidhani mama mkwe amelala. Akasema gizani kutoka chumbani: "Mbona mambo ya maharage hamkuniambia mapema?"

Kwao Machame, anasema, chungu cha maharage kilikuwa kinaachwa kwenye mafiga usiku, moto umefukiwa majivu, asubuhi unakuta yamelainika. Tangu hapo amebadilika. Kobe si mgeni tena, ni jamaa aliyepotea akarudi na nguo za Kizungu.

Ijumaa, 20 Juni

Ameanza. Anataka maharage mekundu kwenye Kobe, leo leo, kutoka kwenye gunia moja kwa moja. Nimekataa, na si rahisi kumkatalia mama wa mume wako jambo la maharage. Nimemweleza: maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha na kuharisha, inakufa kwa kuchemka hasa, na Kobe kwenye joto la chini hachemki. Maharage ya nyuzi 80 yanaweza kuwa mabaya kuliko mabichi. Dawa ni kuyaloweka usiku, kumwaga yale maji, kuyachemsha kwa nguvu jikoni si chini ya dakika 10 (mimi nitafanya nusu saa nilale salama), ndipo yaingie chunguni.

"Yale ya mafiga kwanza yalichemka," akasema baada ya kufikiri. "Majivu yalikuja baadaye." Basi tumeelewana. Maharage ni baada ya kababu.

Jumamosi, 21 Juni

Kutwa nzima ya makaroni. Nilitaka yaivie humo humo ndani ya Kobe, kwa sababu sufuria ya pili ni moto wa pili na vyombo vya pili.

Kwanza nilipima maji yanayochemka jikoni kwetu: nyuzi 97. Moshi mjini tuko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Pakiti inasema dakika 10. Mimi nahitaji 12. Machame juu huko ni chini zaidi ya hapo, na mama mkwe amefurahi kupata sababu ya kisayansi ya maharage ya kwao kuwa sugu.

Tambi ndefu nilijaribu, nikizikata katikati. Zimegandana kama ufagio. Zimetupwa. Makaroni mafupi yale ya bomba yamefaa, mradi yazame kabisa. Lililobaki juu linakuwa gumu kama kucha. Gramu 250, vikombe viwili vya maji yanayochemka, joto la juu, unakoroga mara moja katikati. Dakika 20 bado yana moyo mweupe. Dakika 30 safi. Dakika 45 mtori.

Na hapa nimegundua kitu kizuri: wanga wa makaroni unatoka na kuufanya mchuzi uwe mzito, unang'aa, unashika kila bomba. Ukichemsha pembeni na kumwaga maji unaumwaga uzuri huo shimoni.

Jumatano, 25 Juni

Jaribio la mwisho, siku ya kazi, bila mimi.

Jana usiku kwa dakika arobaini: nimekaanga mchuzi, nimefinyanga kababu, vyote kwenye friji, kila kimoja kwenye bakuli lake lenye kifuniko. Chungu chenyewe sikukitia friji, kwa sababu udongo wa baridi unachelewesha joto na unaweza kupasuka ukikutana na moto. Nyama pia haikugandishwa. Dakika arobaini hizo nilikuwa nazo jana saa mbili usiku, watoto wakioga. Leo saa moja usiku nisingekuwa nazo. Kazi ni ile ile, Kobe ameihamisha tu mpaka saa ninayoimudu, na kwa hilo pekee namshukuru wifi.

Saa saba na robo mama mkwe amechemsha mchuzi kwenye gesi, ameumimina, amezilaza kababu, amefunika, ameweka joto la chini, amebandika gundi. Binti alikuwa mlinzi wa saa ya redio. Saa kumi na mbili na dakika ishirini nikiwa kituoni nimepiga simu.

"Shikamoo mama. Tia makaroni."

"Marahaba. Nimeshatia, nilikuona kwa saa."

Moyo ukaruka. Lakini alikuwa ametia dakika tano tu kabla, na daladala kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe haikusubiri abiria. Saa moja kasorobo niko mlangoni. Saa moja kasoro dakika tano tumekaa mezani, mchana wa Juni ukiwa umeshakwisha na ule ubaridi wa mlimani umeingia, sahani zinafuka. Mdogo amekula kababu saba. Nimezihesabu.

Hesabu ya siku: mapaja kilo moja 10,000, nyanya 2,000, makaroni pakiti 2,000, vitunguu, karoti na hoho 1,500, nyanya ya kopo 700, maziwa 500, yai 400, umeme wa saa tano na nusu, kama 400. Jumla 17,500, mkate ulikuwepo, na kesho mchana kuna kiporo cha mtu mmoja. Kiporo kisiachwe ndani ya Kobe aliyezimwa kikapoa humo usiku. Kihamishiwe bakuli pana, friji, na kupashwa moto kwenye sufuria, si kwenye Kobe.

Nimempigia wifi kumweleza. Amecheka sana aliposikia habari za saa ya redio. Kisha ameuliza kipimo cha mkate na maziwa, akaandika.

Ijumaa, 27 Juni, usiku

Mashine ya kusaga imerudi kwa dada wa sambusa, imeoshwa. Kipimajoto bado nakihitaji wiki moja, mama wa mtindi amekubali kwa sahani moja ya kababu.

Nimeingia jikoni kunywa maji kabla ya kulala, nikakuta bakuli kubwa juu ya meza limefunikwa kanga. Mama mkwe ameshayaloweka maharage.